Chumba Nyuma ya Kifusi

Siku dari ya pango iliposhuka, Chembe alikuwa darasani akifanya hesabu za kugawanya. Alikuwa na miaka tisa. Jina hilo alipewa na baba yake siku aliyozaliwa, kwa sababu alikuwa mdogo mno, mkunga alimfunga kwenye taulo la uso likatosha na kubaki. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba binti huyo angekuja kuwa mwanafizikia wa chembe, wala kwamba utani ungemfuata hadi mlangoni mwa ofisi yake, ambako wanafunzi walibandika kibao: "Daktari Chembe, mtaalamu wa ndugu zake."

Baba yake alikuwa mchimbaji wa mambo ya kale. Si profesa, mchimbaji. Watu walimwita Brashi, maana angeweza kukaa siku nzima mbele ya mfupa mmoja wa kidole, akiupangusa vumbi kwa brashi ya rangi aliyoipunguza nywele kwa mkasi. Ukimhimiza, alikujibu bila kugeuka, "Mwenye mfupa amesubiri miaka elfu tisa. Wewe una haraka ya kwenda wapi?" Wasomi waliokuja na shahada zao walijifunza kwake namna ya kushika mwiko wa kuchimbia.

Mmoja wa wasomi hao alikuwa kijana mwembamba wa miwani, mdogo kwa Brashi miaka minne, na pango lile ndilo lilikuwa kazi yake ya kwanza kuiongoza. Kwenye karatasi yeye alikuwa mkubwa. Pangoni kila mtu alijua nani anamfundisha nani, na yeye mwenyewe alijua, wala hakuona haya. Walipendana kama ndugu.

Alhamisi hiyo, saa nne na nusu asubuhi, watu watano walikuwa ndani. Wanne walitoka mbio, vumbi hadi kwenye meno. Brashi alikuwa kwenye kijia cha nyuma, amepiga magoti, na mlima ukakaa kati yake na mlango. Walichimba Alhamisi yote, wakachimba Ijumaa, wakachimba Jumamosi. Jumamosi alasiri mwamba ukashuka tena, ukamvunja mtu mmoja nyonga, na kiongozi akasema basi. Jumatano ya wiki iliyofuata akafika nyumbani kwa Brashi, amevaa shati lililopigwa pasi upande mmoja tu. Alisimama katikati ya sebule akakataa kiti.

"Shemeji," alimwambia mama yake Chembe, "alikufa pale pale. Hakuumia. Hakujua hata kilichompiga."

Mama alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Watu walipokuja kumpa pole aliwatangulia yeye: "Tushukuru, hakuumia." Miaka ikaenda, akawa analisema hata kwa wasiouliza. Hakuolewa tena. Alishona nguo za watu, akamsomesha mtoto, na mahali pa kaburi la mumewe alikuwa na jiwe moja tu lililosimamishwa mbele ya mdomo wa pango, ambalo alikwenda kulitazama mara mbili katika maisha yake yote, akasema halina maana.

Yule kiongozi hakuwaacha. Alikuja kila mwisho wa mwezi. Alimletea Chembe vitabu, akamfundisha kusoma ramani na kutumia darubini, na kwenye mahafali yake matatu alikaa kwenye kiti cha baba. Yeye alipopewa uprofesa, Mama alipiga makofi kuliko mke wake mwenyewe. Chembe alimwita Baba Mdogo, na hakuna aliyemwambia asimwite hivyo. Kulikuwa na jambo moja tu. Tangu siku ile, Baba Mdogo hakuingia tena pangoni. Alifundisha, aliandika, alipanga mifupa iliyochimbwa na wenzake ndani ya masanduku na kuiandikia namba. Aliyemuuliza aliambiwa kwamba kifua chake hakipatani na vumbi.

Ilipotimia miaka thelathini na moja, mwanaakiolojia mmoja alibisha hodi ofisini kwa Chembe. Wenzake walimwita Kofia, maana hakuna aliyewahi kumwona bila ile kofia yake ya turubai.

"Daktari," alisema, "nisikufiche. Nimekuja kwako kwa sababu mbili. Ya kwanza, una vile vigunduzi vyako. Ya pili unaijua."

Alikuwa anataka kulifungua tena pango. Wale waliochimba zamani walikuwa wamefika kwenye tabaka lenye shanga za gamba la yai la mbuni na vipande vya udongo mwekundu, na tabaka lenyewe lilikuwa linazama kuelekea nyuma, kana kwamba watu wa kale walikuwa wakienda mahali. Kofia alihisi kuna chumba. Lakini hakuna ambaye angemruhusu kugusa kifusi kile kwa kuhisi.

Chembe aliinama akatazama meza. "Nipe siku mbili," alisema. Kesho yake asubuhi akampigia simu: "Nitakuja."

Kabla hajaondoka alikwenda kumweleza mama yake. Alimkuta kwenye cherehani, akizungusha pindo la sketi ya shule.

"Mama, nyoosha kiganja."

Mama akanyoosha.

"Hapo hapo ulipo, kila sekunde kuna chembe inatoka angani, inapita katikati ya mkono wako, inapita mezani, inazama ardhini. Zinaitwa myuoni."

"Mbona sisikii kitu?"

"Ni ndogo mno."

"Kama ulivyozaliwa," Mama alisema, akarudisha mkono kwenye kitambaa. "Enhe. Zikipita?"

"Mwamba mzito unazikamata nyingi. Palipo na uwazi zinapita zaidi. Ukikaa chini ya kilima ukazihesabu kwa subira, kilima kinajichora chenyewe. Unaona palipojaa na palipo patupu."

Cherehani ilisimama. "Kilima kipi?"

"Kile."

Mama alikata uzi kwa meno. Alikunja ile sketi, akaikunjua, akaikunja tena. "Ukimkuta," alisema mwishowe, "niletee. Hata kidogo."

Chini ya lile pango kulikuwa na pango jingine, jembamba na lenye unyevu, ambako popo ndio waliokuwa wenyeji. Huko ndiko walikoviweka vigunduzi vinne, masanduku marefu yaliyofungwa plastiki nyeusi, na nyaya zilizopanda hadi kwenye betri nje. Kwa wiki kumi na sita Chembe alikuwa akienda na kurudi. Ni kazi isiyo na kishindo. Namba zinaongezeka, mtu anaangalia halijoto ya sanduku, anafuta kinyesi cha popo, anaandika tarehe. Kofia alikuwa akishuka kumuuliza kila baada ya siku tatu, "Vipi, mvua inanyesha?" Naye alimjibu, "Inanyesha, ila ni ya matone ya kuhesabu."

Picha yenyewe ilijitokeza asubuhi moja maabarani, mbele yao wote wawili. Kulikuwa na doa jeupe lenye umbo la figo nyuma ya kifusi, kubwa kiasi cha vyumba viwili vya kulala.

"Chumba!" Kofia alipiga makofi. "Chumba, Daktari! Tumekipata!" Halafu akakumbuka. Akavua kofia. Kwa mara ya kwanza Chembe akaona kwamba mwenzake alikuwa na kipara kinachong'aa, na kama ingekuwa siku nyingine angecheka mpaka akae chini.

"Kijia cha nyuma kinaishia wapi?" aliuliza.

Kofia alionyesha kwa ncha ya kalamu. Kijia kiliishia kwenye lile doa.

"Kwa hiyo dari ilishuka mbele ya chumba. Haikushuka juu yake."

"Daktari, hatujui alikuwa wapi wakati ule. Usitangulize moyo."

"Kifusi kina unene gani?"

"Mita nne na nusu."

Jioni hiyo nyumbani kwake Chembe aliupima kwa hatua urefu wa mita nne na nusu. Ulitoka kwenye mlango wa jikoni ukaishia kwenye kabati la vyombo. Alisimama pale penye kabati, kijiko mkononi, mpaka maji yakakauka kwenye sufuria.

Walichukua wiki saba kupita. Walipitisha njia ya kutambaa ubavuni mwa kifusi, wakiweka nguzo ya chuma kila hatua moja, na mhandisi wa migodi alikuwa akizigonga zote kila asubuhi kabla hajamruhusu mtu kuingia. Siku ya kufungua, Kofia alitangulia, Chembe akafuata kwa viwiko. Hewa ya mle ndani ilikuwa baridi na safi. Maji yalidondoka kwenye ukuta mmoja, tone, kimya, tone.

Kwenye mwanga wa taa aliona kwanza kamba. Kamba nyeupe ya wachimbaji, imefungwa kwenye misumari minne, imezungushiwa mraba uliokaa sawa. Ndani ya mraba kulikuwa na mifupa ya watu watatu waliolazwa kwa ubavu, mkubwa mmoja na wadogo wawili, shanga shingoni, na udongo mwekundu ukiwa bado umeshika kwenye mafuvu. Hakuna kilichokuwa kimeguswa.

Wa nne alikuwa mbali nao, upande wa pili, chini ya ule ukuta unaodondosha maji. Alikuwa amelala kwa ubavu vilevile, amegeukia ukuta. Miguuni alikuwa na buti.

"Ni yeye aliyefunga kamba," Kofia alisema taratibu. "Alikuwa hai, akafunga kamba wasikanyagwe."

Chembe hakulia. Alipiga magoti akaangalia mfupa wa paja la kulia uliovunjika, akaangalia saa ya mkono ya kutia ufunguo, akaangalia mwiko ulioviringika ncha kwa kugongwa kwenye jiwe. Pembeni kulikuwa na mkebe wa bati wa kuwekea sampuli. Kifuniko kilikuwa kimebanwa vizuri. Ndani ya mkebe kulikuwa na daftari na kipande cha penseli.

Sheria ilitaka ushahidi kabla mifupa haijatolewa kwa familia, kwa hiyo jino moja lilikwenda kwa Mama Pacha, mwanabiolojia aliyesoma vinasaba vya watu waliokufa zamani na ambaye mapacha wake mwenyewe, alipenda kusema, hakuwahi kuwatofautisha kwa simu. Alimkwangua Chembe ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Baada ya wiki tatu alimwita, akafunga mlango wa maabara na kuvua glavu kabla hajasema.

"Ni baba yako, mwenzangu. Hakuna shaka. Nusu yako ni yeye."

Chembe akatikisa kichwa kuitikia.

"Na wale watatu?" aliuliza, kwa kuwa alihitaji kuuliza kitu.

"Majibu ya umri wao yamerudi. Mashine ya kuharakisha chembe imehesabu kaboni yao, ni miaka elfu tisa na mia mbili. Lakini kuna jambo la ajabu. Yule mkubwa ni mwanamke, na wale watoto si wake. Wala wao kwa wao si ndugu. Watu watatu baki kabisa, na aliyewazika akawalaza kama mama na wanawe." Akamshika mkono. "Daftari umeshalisoma?"

"Bado."

"Unataka nikae?"

"Kaa."

Daftari lilikuwa limekauka vizuri. Mwandiko wa kurasa za mwanzo ulikuwa wa mtu aliyepiga magoti na tochi mdomoni, ulionyooka.

*Alhamisi, saa 4 na dakika 50. Dari imeshuka. Mimi mzima, ila mguu wa kulia. Kuna chumba huku nyuma! Mwambieni bwana mkubwa alikuwa sahihi.*

*Saa 6. Watu watatu. Mtu mzima mmoja, watoto wawili. Wamelala kwa ubavu, vichwa upande wa mlango. Nimewafungia kamba. Sijagusa. Msije na mabuti.*

*Saa 11. Nikitoka kesho nitamtengenezea mama Chembe bawaba ya dirisha, amesema mpaka amechoka.*

*Ijumaa, saa 2. Nasikia wanachimba. Nimegonga mara tatu, wamenijibu mara tatu.*

*Ijumaa, saa 10. Wanachimba. Maji yapo, nalamba ukutani.*

*Jumamosi, saa 9. Mwamba umeanguka tena upande wao. Sijui kama kuna aliyeumia. Kimya.*

*Jumamosi, saa 12. Wamepumzika.*

Kutoka hapo tochi ilikuwa imekwisha. Mistari ilipanda na kushuka, mmoja ukikanyaga mwingine. Brashi aliweza kusoma saa kwa sababu mishale yake iling'aa gizani, lakini karatasi hakuiona.

*Jumapili, saa 1. Mtu amegonga mara moja. Nimejibu. Kuna mtu.*

*Jumapili, saa 8. Wamepumzika.*

*Jumatatu. Bado wamepumzika. Wamechoka, wana haki. Nagonga kila saa ili wajue.*

*Jumanne, saa 3. Wamepumzika.*

Baada ya hapo kulikuwa na ukurasa mmoja ambao penseli ilikuwa imepita juu yake mara nyingi, na neno pekee lililosomeka lilikuwa jina la Chembe. Halafu kurasa tupu.

Mama Pacha alikuwa analia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa yeye. Chembe alirudi kwenye mstari mmoja akauwekea kidole. *Mtu amegonga mara moja. Kuna mtu.*

"Jumapili," alisema. "Waliacha kuchimba Jumamosi. Jumapili nani alikuwa pale?"

Aliijua nyumba ya Baba Mdogo kama kiganja chake. Alipita uani, akamkuta kwenye chumba chake cha masanduku, amekaa karibu na dirisha na shuka magotini. Mwaka huo moyo ulikuwa umemlaza mara mbili hospitali. Alipomwona Chembe uso ulimchangamka, halafu akaliona daftari.

"Alikuwa na chumba," Chembe alisema.

"Nimeambiwa."

"Na penseli alikuwa nayo."

Mzee yule alivua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, ya mtu mwingine. "Nisomee," alisema.

Alimsomea yote. Alipofika kwenye mstari wa Jumapili alisimama. "Ni wewe?"

"Ni mimi." Ilikuwa kama sauti iliyokaa tayari kwa muda mrefu. "Jumamosi niliwatoa watu wote nikawashusha kambini. Walikuwa sita, walitaka kurudi. Walinitukana. Nikawaambia hakuna sauti tena, amekwisha, na habari ya kugonga isifike kwa mama yako. Asubuhi nikapanda peke yangu. Nikagonga mara moja, nikitumaini hatajibu. Unanielewa? Nilitumaini hatajibu. Akajibu."

"Kisha?"

"Nikakaa. Sikugonga tena. Nikigonga atangoja. Nikiwaita wale sita wataingia, na dari ilikuwa inadondosha changarawe kila dakika. Nilikaa nikimsikiliza Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Jumatano asubuhi nilipoona kimya mpaka jua limepanda, nikashuka, nikavaa shati, nikaja kwenu."

Chembe alitaka kumpiga. Alitaka pia kumfunika shuka lililokuwa linaanguka. Hakufanya lolote. "Baba Mdogo," alisema, "ulikula kwetu miaka thelathini na moja."

"Kila mara nilikuja nikitaka kusema. Mama yako ananiandalia chakula, ananiambia, 'Tushukuru, Shemeji, hakuumia.' Ningeanzia wapi?" Akanyoosha mkono, lakini kwa kuwa hakuupokea mtu, ukarudi magotini wenyewe. "Usimwambie, mwanangu. Nakuomba. Si kwa ajili yangu."

Njia nzima ya kwenda kwa mama yake Chembe alikuwa amekubaliana naye. Mtu mzima wa miaka sabini na moja, amelalia neno moja maisha yake yote, umvute mto wa nini? Angempa saa, angempa mwiko, na daftari angelifungia kwenye kabati la ofisi. Aliingia ndani akaviweka vile viwili juu ya meza ya cherehani. Mama alivipapasa. Aliiweka saa sikioni, akaitoa.

"Na daftari?"

"Daftari gani, Mama?"

"Wewe mtoto. Baba yako hakwenda hata chooni bila penseli. Toa."

Chembe alijaribu: "Mama, halisomeki vizuri..."

"Nitasoma kinachosomeka."

Alivaa miwani ya kushonea akasoma peke yake, kidole chini ya kila mstari, kama anafuata mshono. Kwenye bawaba ya dirisha alitabasamu, kabisa kabisa, tabasamu la msichana. Baada ya hapo hakutabasamu tena. Alipomaliza alirudi mwanzo akasoma mara ya pili. Nje mtu alipita akiuza vyombo vya plastiki, akaita, akachoka, akaenda zake.

"Nani aligonga Jumapili?"

Chembe alitazama kiti alichokuwa akikikalia Baba Mdogo kila mwisho wa mwezi.

"Mwite."

"Mama, anaumwa."

"Mwite. Aje na huo ugonjwa."

Alikuja kesho yake mchana, ameshikwa mkono na mkewe, ambaye Mama alimwomba kwa adabu akae nje barazani. Safari hii Baba Mdogo alikaa, maana miguu haikumkubalia kusimama. Mama alikaa mbele yake, daftari mapajani.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, Shemeji."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumanne jioni."

"Siku sita." Mama alihesabu kwa vidole, bila haraka. "Wangeingia wale watu, wangekufa?"

"Sijui. Naamini wangekufa."

"Mimi naamini pia. Mwanangu amenieleza, sasa hivi na vyuma vyao wamechukua wiki saba. Hilo ningekusamehe siku ile ile. Ningelia, ningekutukana, ningekusamehe." Alivuta pumzi. "Lakini uliniambia hakuumia. Nikaacha kumwonea huruma! Mimi, mke wake. Watu wakilia, mimi nawanyamazisha. Mtu amelala gizani na mguu umevunjika, anawatetea wenzake kwamba wamechoka, na hakuna mtu duniani aliyemlilia kwa hilo, kwa sababu wewe ulininyima habari."

Baba Mdogo aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Nilidhani nakusaidia."

"Najua ulidhani."

Chembe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alingoja mama yake aseme neno la mwisho, la laana au la huruma. Mama akasema tu, "Maziko ni keshokutwa saa nne. Utashika jeneza upande wa kichwa. Ukishindwa kutembea, tutatembea polepole."

Alishika. Walitembea polepole sana, hatua na kituo, hatua na kituo, Kofia akiwa upande wa pili na kofia yake mkononi. Mama alimlilia mumewe siku hiyo kama aliyekufa asubuhi yake. Alilia kwa maneno, akimwambia habari ya mguu, ya maji ya ukutani, ya kugonga. Wanawake waliomshika walijaribu kumtuliza kwa ile kauli aliyowazoesha mwenyewe, akawakatiza: "Msiniambie hivyo. Aliumia. Niacheni nilie."

Alilia hivyo wiki nyingi. Chembe alihamia kwake, akalala kitanda cha pili, akajifunza kutomnyamazisha. Kazini, makala ya chumba kile ilitoka na majina yao matatu, yeye, Kofia na Mama Pacha, na watu wa mbali waliandika kuwapongeza. Chini kabisa ya makala, Kofia aliweka mstari wa shukrani kwa mchimbaji aliyewagundua wale watatu wa kwanza na kuwafungia kamba. Chembe alimchapishia mama yake ukurasa huo. Mama akausoma, akauliza kama karatasi hiyo inaweza kupakwa kitu isichakae.

Baba Mdogo hakuja tena mwisho wa mwezi. Chembe alikwenda kumwona mara tatu. Mara ya kwanza hawakuweza kuongea. Mara ya pili walizungumza habari za vigunduzi, na yeye aliuliza maswali mazuri, kama zamani, mpaka wote wawili wakajisahau kwa nusu saa. Mara ya tatu alikuwa hawezi kunyanyua kichwa, Chembe akamlisha uji kwa kijiko. Nyumbani hakusema alikotoka, na Mama hakuuliza, ila alimwachia maji ya kuoga yakiwa moto.

Baba Mdogo alikufa mwezi wa saba baada ya maziko ya Brashi, asubuhi, akiwa usingizini. Mkewe alipiga simu. Chembe alikaa kwenye ukingo wa kitanda, simu mapajani, akahisi kitu kikimvunjika kwenye chembe ya moyo, na alipotafuta mahali pa kukiweka hakupata, maana kumlilia mtu huyo mbele ya mama yake ilikuwa kama kumwibia.

Mama alisimama mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Mimi sitakwenda," alisema. "Usinibembeleze."

"Sikubembelezi, Mama."

Aliondoka. Chembe alisikia kabati likifunguliwa, halafu harufu ya pasi ikaanza kuingia chumbani. Baada ya kitambo Mama alirudi na lile gauni jeusi la Chembe mikononi, limenyooshwa mbele na nyuma, kola imekaa. Alimwekea magotini.

"Wewe nenda," alisema. "Amekulea. Mna yenu."